Joto la udongo au halijoto ya udongo?

SWALI: Mimi ni afisa ugani hapa Tabora. Naandaa maelezo kwa wakulima kuhusu nafasi ya udongo katika modeli za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazokadiria hali ya hewa ya muda mrefu. Mwenzangu amefuta "joto la udongo" kila mahali akaweka "halijoto ya udongo", na "unyevunyevu" akaufanya "unyevu". Je, yuko sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, kuhusu unyevu nakubaliana naye. Kuhusu joto amevuka mpaka.

Joto ni nishati: huingia ardhini, huhama, hupotea. Halijoto ni kiwango tunachokisoma kwenye kipimajoto: hupanda na kushuka. "Joto huingia ardhini mchana" ni Kiswahili safi na sayansi safi. "Halijoto huingia ardhini" haina maana. Tena joto huwa kali, lakini halijoto huwa ya juu au ya chini.

Usiiachie tofauti hiyo, maana somo lako zima limesimama juu yake. Oktoba mashamba ya Tabora yamekauka. Joto la jua halikuti maji ya kugeuza mvuke, kwa hiyo huupasha udongo na hewa iliyo juu yake, halijoto ikapanda. Mvua zikishalowesha ardhi, sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye uvukizaji. Gramu moja ya maji hudai takriban jouli 2,450 (jouli ni kipimo cha nishati) ili iwe mvuke, ilhali kuipandisha nyuzi moja ya Selsiasi huchukua kama jouli 4.2 tu. Ndiyo maana udongo uliolowa waweza kupokea joto jingi na halijoto yake isipande sana. Jaribu kuiandika sentensi hiyo kwa kufuata masahihisho ya mwenzako, utaona inavunjika.

Modeli nayo hufuata hesabu hiyohiyo. Huugawa udongo katika matabaka, ikakokotoa maji na joto vinavyopita kati yake. Ikianza na udongo mkavu kuliko ulivyo, itazidisha halijoto ya hewa na kupunguza mvuke unaopanda, na makadirio ya mvua yataharibika pia. Matabaka ya chini huweza kubaki na kosa hilo kwa miezi mingi.

Sasa unyevu. Kurudufu neno mara nyingi hulegeza maana: majimaji si maji, chumvichumvi si chumvi. "Unyevunyevu" wafaa ukishika udongo mkononi ukaona haujakauka. Kiasi cha maji kinachopimwa na kuingizwa kwenye modeli, kiite "unyevu wa udongo".

Hukuuliza hili, ila naliona linawaponza wengi: andika "modeli za kikanda", si "za mkoa". Kwetu mkoa ni mpaka wa utawala. Modeli hugawa nchi kwa miraba, mara nyingi yenye upande wa kilomita 50 au 25, na mraba mmoja waweza kushika kipande cha Tabora pamoja na cha mkoa jirani.