Kwa mleta uzi: usiache FEFO, badilisha saa ya kuimeza (na mengine ya ujauzito hapa Dodoma)

Dada, umeuliza mambo mengi kwa mpigo, nayarudia kwa kifupi ili atakayepita hapa baadaye aelewe. Mimba ya kwanza, wiki ya 13, hedhi ya mwisho ilianza tarehe 10 Mei. FEFO za kliniki (vidonge vya chuma na asidi foliki) zinakutapisha, umeziweka kabatini. Usiku kiungulia. Mchana unatafuna pemba, ule udongo wa kula. Unafanya kazi ofisini hapa mjini, na mama anataka ukajifungulie kwake kijijini, upande wa Mpwapwa. Waliotangulia kukujibu wamekwambia uvumilie kwa kuwa ndiyo mimba ilivyo. Sikubaliani nao. Mengi kati ya haya yanarekebishika, na moja halifai kusubiri: hizo FEFO.

Tatizo lako la damu na la tumbo yameshikana. Kichefuchefu kinakuzuia kula, tumbo likiwa tupu kichefuchefu kinazidi. Kidonge cha chuma kikikuta tumbo tupu kinachoma, unatapika, unakiacha. Damu ikishuka, hamu ya udongo inapanda, na udongo nao unakamata hata kile chuma kidogo kilichomo kwenye chakula chako. Anza na kidonge, maana ndicho chepesi kubadilisha.

Kimeze jioni, baada ya mlo wa usiku mdogo, kwa glasi nzima ya maji, kisha ukae wima angalau saa moja kabla ya kulala. Wengi wanaambiwa "meza usiku" wanameza wakiwa tayari kitandani; kidonge kinakaa kwenye koo la chakula na kuchoma, halafu lawama zinaiendea dawa. Usikimeze kwa chai wala maziwa. Majani ya chai yana kitu kinachoshikana na chuma na kukizuia kuingia mwilini, na kalsiamu ya maziwa nayo inapunguza. Weka nafasi ya saa mbili kati ya kidonge na chai, kahawa, maziwa au dawa ya kiungulia. Chai ya rangi juu ya ugali wa mchana nayo ina kosa hilohilo, maana chuma cha kunde na mboga kinaondoka nayo.

Kinachosaidia chuma kuingia ni vitamini C, na hapa Dodoma hatuna sababu ya kuikosa. Ubuyu upo soko la Majengo, upo la Sabasaba. Chukua unga wa ubuyu wenyewe, mweupe, siyo ule wa kupakwa rangi na sukari. Koroga vijiko viwili vya chakula kwenye glasi ya maji safi ya kawaida. Ukiuchemsha unaua vitamini unayoitafuta. Kama ukali wake unakuamshia kiungulia, acha ubuyu, kula kipande cha papai lililoiva, pera au chungwa tamu. Kinyesi kitakuwa cheusi. Ni chuma kilichobaki, usiogope. Ukifuata haya kwa wiki moja na bado unatapika, rudi kliniki uombe aina nyingine ya chuma au ya maji. Usijiachishe mwenyewe, kwa sababu asidi foliki imo humohumo na mtoto anaihitaji. Omba pia HB, yaani kiwango cha damu, ipimwe. Chini ya 11 ni upungufu wa damu, chini ya 7 ni hatari ya kulazwa, na ukianza kutibiwa ipimwe tena baada ya wiki nne.

Niseme wazi kuhusu rozela na bitiruti: wekundu wa juisi haumaanishi ina chuma cha kutosha. Kunywa kama unaipenda, lakini usiiweke mahali pa kidonge. Chakula chenye chuma cha maana ni dagaa, nyama, kunde, choroko, na uwele wetu. Uwele una kasoro moja, punje yake ina kitu kinachofunga chuma. Dawa yake bibi zetu walikuwa nayo: koroga unga na maji, funika, acha usiku kucha uchachuke, asubuhi pika uji. Ule uchachu ndio unaofungua chuma, na kwa mtu mwenye kichefuchefu uji mchachu unapita kirahisi kuliko ule mtamu. Mlenda wa karanga kula, ila magadi yapunguze hadi yawe kidogo sana. Yana chumvi nyingi na yanaharibu vitamini za majani. Maini kipande kidogo mara moja kwa wiki yanatosha. Yakizidi, vitamini A inakuwa nyingi mno kwa mtoto, hasa miezi hii ya mwanzo.

Pemba sasa. Hukosei kuitamani, wanawake wengi wenye upungufu wa chuma wanatamani udongo, mkaa, mchele mbichi au barafu. Lakini udongo unazuia chuma, unafunga choo, unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na mwingine una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ukikatazwa tu bila kitu mbadala utaula kwa siri. Weka kwenye mkoba vitu vya kutafuna vyenye ukavu au ukali: karanga za kukaanga, ukwaju, vipande vya karoti mbichi iliyooshwa vizuri. Mara nyingi hamu inapungua chuma kikipanda. Mwambie muuguzi kwamba ulikuwa unakula udongo, ili akupe dawa ya minyoo. Kwa kawaida hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, na wewe unakaribia kuimaliza.

Kichefuchefu chenyewe kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na 16, wachache kinafika 20. Weka biskuti kavu au mkate mkavu kando ya kitanda, kula kidogo ukiwa bado umelala, subiri robo saa ndipo uinuke. Kula kidogo kila baada ya saa mbili au tatu hata kama huna njaa. Kunywa kati ya milo, siyo pamoja na chakula. Chakula kilichopoa kina harufu kidogo: viazi vitamu, ndizi ya kuchemsha, uji. Kukaanga vitunguu kwa sasa mwachie mwenzio. Tangawizi inasaidia, kiasi cha nusu kijiko cha chai cha unga kwa siku nzima, au kipande kidogo kibichi kilichopondwa kwenye maji moto, bila majani ya chai. Mate yakijaa mdomoni, sukutua na tafuna chingamu. Hayana sumu, ukiyameza hayatakudhuru, na ukiyatema siku nzima unapoteza maji. Usikae na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi ya Julai na Agosti. Moshi usioonekana unamnyima mtoto hewa.

Mpaka wa kuvumilia ni huu: chochote unachoweka mdomoni kinarudi kwa saa 24, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi au hujakojoa kwa saa nane, unaona kizunguzungu ukisimama, uzito unashuka. Hapo unahitaji dripu, nenda hospitali siku hiyo. Njiani kunywa ORS (unga wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, kijiko kimoja kimoja kila dakika chache.

Kiungulia kinatoka sehemu mbili: homoni ya mimba inalegeza mlango wa juu wa tumbo, na baadaye mji wa mimba unasukuma tumbo kwenda juu. Kula mlo wa mwisho saa mbili au tatu kabla ya kulala. Usirundike mito, inakukunja tumbo katikati na kuzidisha. Inua miguu ya kitanda ya upande wa kichwa kwa tofali au vipande vya mbao, kama sentimita 15, mwili wote ulale kwa mteremko. Maji ya magadi na soda ya kuokea usinywe kabisa, chumvi yake inaweza kupandisha presha. Vidonge vya kutafuna vya kiungulia vinaruhusiwa, ila kumbuka zile saa mbili na FEFO.

Choo kigumu kitafuata, kwa sababu ya homoni na chuma. Maji yetu ya visima yana ladha ya chumvichumvi, na watu wanakunywa kidogo kwa sababu hiyo bila kujua, ilhali hewa ni kavu na upepo unakausha. Yachemshe, yapooze kwenye mtungi, kamulia ndimu. Mkojo ukiwa wa njano hafifu unakunywa vya kutosha. Mafuta ya nyonyo usinywe ili kulainisha choo, yanaweza kuamsha uchungu. Dawa za miti za "kuharakisha" uchungu nazo hivyohivyo, zinabana mji wa mimba bila kipimo na zinaweza kuupasua.

Mengine kwa haraka. Damu ya pua kipindi hiki cha vumbi: inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Misuli ya shavu la mguu ikikaza usiku, nyoosha goti na vuta vidole vya mguu kuelekea kwako. Kuanzia wiki ya 28 anza usingizi kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia, na mto katikati ya magoti. Ukiamka uko chali, geuka tu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, chota nusu. Bodaboda hatari yake ni kuanguka, panda bajaji. Maumivu ya kichwa au mgongo tumia parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni usinunue dukani. Krimu za kung'arisha uso weka pembeni, nyingine zina zebaki.

Kuvimba miguu jioni ni kawaida. Kuvimba uso na mikono ghafla, kichwa kuuma kusikotulia, kuona maruerue, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia: hizo ni dalili za kifafa cha mimba, na presha ya 140/90 kwenda juu inatosha kukupeleka hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Vilevile damu ukeni hata kidogo, maji kuchuruzika, homa, kuwashwa viganja na nyayo bila vipele, na mtoto kupunguza kucheza ukishazoea mchezo wake. Usisubiri kesho uone kama ataamka. Namba ya dharura ya m-mama ni 115, haina malipo, inatafuta usafiri wa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Iandike kwenye simu ya mumeo pia.

Nije kwenye Mpwapwa. Kwa 10 Mei, ongeza siku saba, rudisha miezi mitatu: unatarajia karibu 17 Februari. Hiyo ni katikati ya mvua zetu, na makorongo yakijaa, kijiji kilicho saa moja kutoka barabara kuu Agosti kinaweza kuwa nusu siku Februari. Mimba ya kwanza haina historia, hakuna anayejua uchungu utakwenda vipi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mama kwa heshima ni moja: usiku wa mvua, kutoka nyumbani kwake hadi mahali penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa ni muda gani? Kama jibu linazidi saa moja au mbili, jifungulie hapa mjini, mama aje kwako Januari, mkishatoka salama mrudi naye kijijini akutunze. Kwa njia hiyo hakosi kukukanda na kukupikia uji, na wewe hukosi daktari.

Akisisitiza sana, basi ufike huko kabla ya wiki ya 36, yaani kabla ya 20 Januari, na upange chumba karibu na hospitali ya wilaya, siyo kijijini. Beba kadi ya kliniki yenye vipimo vyote: kundi la damu, HB, presha, VVU, kaswende. Piga utrasaundi kabla ya wiki ya 24 ili tarehe iwe ya uhakika. Ukiambiwa mapacha, kondo liko chini au presha inapanda, mjadala wa kijiji uishe hapohapo. Kliniki ni angalau mahudhurio manane, usihesabu manne kama zamani.

Kazini, sheria ya ajira ya 2004 inataka umtaarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua. Kwako ni 17 Novemba, andika barua mapema na uambatanishe cheti cha daktari. Likizo ni siku 84, mapacha 100, na unaweza kuianza wiki nne kabla. Ukiianza 20 Januari utakuwa umetumia siku 28 kabla mtoto hajazaliwa, zitabaki 56 za kumlea. Kama mwili unaruhusu na kazi ni ya kukaa, ianze wiki moja kabla. Ukirudi kazini una haki ya muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ombeni ratiba yake kwa maandishi. Mumeo naye ana siku zake tatu ndani ya wiki ya kwanza, azipange kwa siku utakayotoka hospitali. Uliza pia kituo chako orodha ya vifaa wanavyotaka mama aje navyo. Vituo vingi hapa vinataja mpira wa kulalia, glavu, pamba, kibana kitovu na kanga. Vinunue kidogo kidogo kuanzia Oktoba, na leo jioni, baada ya kula, toa zile FEFO kabatini.