Kwa mwalimu anayeanza kufundisha visasili vya Kigiriki

Mwalimu mwenzangu, ukipangiwa darasa la sita katika shule ya Marekani, huenda Ugiriki ya kale ikawa sehemu ya kazi yako. California, kwa mfano, imeiweka kwenye mtaala wa historia wa darasa hilo. Sisi tuliosoma Tanzania na Kenya tulifundishwa visasili katika fasihi simulizi, kwa hiyo hatuanzii sifuri. Tunajua tayari kwamba hadithi ya namna hii hubadilika kila inapopata msimulizi mpya, na hilo ndilo ningependa ulishike kuliko jambo jingine lolote.

Usianze na orodha ya miungu. Najua inavutia, maana ni rahisi kuitungia mtihani: Zeus wa radi, Poseidon wa bahari, Athena wa hekima, na majina ya Kirumi pembeni. Lakini mtoto anayekariri majina bila visa hana cha kuyashikia. Tena orodha yenyewe haikuwa moja. Katika wale miungu wakuu 12 wa Mlima Olympus, mara utamkuta Hestia, mara nafasi yake anayo Dionysus.

Anza na hadithi moja, uisome kwa sauti, kisha uipe muda. Mimi huchagua ya Demeter, mungu wa nafaka, na bintiye Persephone, kama inavyosimuliwa katika utenzi wa kale wa kumsifu Demeter. Binti anachuma maua, ardhi inapasuka, Hades, mtawala wa wafu, anamchukua kwa ruhusa ya Zeus. Mama anazunguka dunia akimtafuta, anafika mji wa Eleusis akiwa na sura ya bikizee, anaajiriwa kulea mtoto wa watu. Baadaye anaizuia nafaka isiote, wanadamu wanakaribia kufa njaa, na Zeus analazimika kumtuma mjumbe wake Hermes akamrudishe binti. Ila Persephone ameshakula punje ya komamanga, kwa hiyo theluthi moja ya kila mwaka atakaa chini kwa Hades.

Hapo nyamaza, waache waulize. Watauliza kwa nini Zeus, ambaye ndiye baba, alimwoza binti bila mama kujua. Ni swali zito, nalo linakuingiza moja kwa moja katika historia: ndoa ya Athens ilikuwa mapatano kati ya baba na bwana harusi. Usilikimbie.

Siku inayofuata wape simulizi la Ovid, mshairi wa Roma. Kwake punje ni saba na mwaka unagawanywa nusu kwa nusu. Mtoto mmoja lazima atauliza ipi ni ya kweli. Hilo ndilo somo lenyewe. Wagiriki hawakuwa na kitabu kimoja kitakatifu kilichofunga habari za miungu yao. Kila mji na kila mshairi alisimulia kwa namna yake. Watoto waliolelewa na Biblia au Kurani huhitaji muda kulizoea wazo hili, basi wape muda huo.

Medusa anafaa sana kwa kazi hii. Hesiod, mshairi wa Kigiriki, karibu 700 K.K., anamtaja kama mmoja wa dada watatu wa kutisha, na ni yeye pekee anayeweza kufa. Zaidi ya miaka 700 baadaye Ovid anasema alikuwa msichana mzuri aliyenajisiwa na mungu wa bahari hekaluni, kisha yeye ndiye akaadhibiwa. Wachoraji nao walibadilika: mwanzoni wanampa meno kama ya nguruwe mwitu na ulimi uliotoka nje, lakini chombo kimoja cha miaka ya 450 hadi 440 K.K., kilichopo Metropolitan Museum, New York, kinamwonyesha amelala na uso mzuri, huku shujaa Perseus akimkata shingo. Picha yake ipo bure kwenye tovuti ya makumbusho hayo. Iweke ukutani kabla hujasema neno.

Simulizi hilo la Ovid kuhusu Medusa ningelipeleka darasa la nane, na kabla ya kulifundisha zungumza na mshauri nasaha wa shule. Darasani anaweza kuwepo mtoto ambaye hayo yamempata. Tumia maneno ya wazi, yasiyo na mapambo, wala usikubali kicheko.

Mambo mawili ya haraka. Katuni zimewafundisha watoto kwamba Hades ni shetani. Rekebisha mapema: yeye ni mtawala wa wafu wote, wema kwa wabaya. Na Hera, mke wa Zeus, si mama yake shujaa Heracles. Mama yake ni Alcmene, binadamu, na chuki ya Hera ndiyo inayosukuma sehemu kubwa ya kisa hicho.

Wazazi wengine, Waislamu kwa Wakristo, watahofia kwamba unafundisha ibada ya sanamu. Hofu hiyo ina heshima yake. Waandikie kabla ya kipindi cha kwanza, ueleze kwamba mnasoma imani ya watu wa kale kama historia na fasihi, na uwakaribishe waone vitabu.

Kazi ya mwisho ninayowapa ni kusimulia upya kisa kimoja kwa sauti ya mhusika ambaye hakupewa nafasi ya kusema, na kutaja chini wamefuata simulizi la nani na wamebadilisha nini. Alama nyingi naziweka kwenye mistari hiyo ya chini, kwa sababu ndipo unapoona nani amesoma matoleo yote mawili na nani amenakili intaneti.