Wasomaji Wanauliza: Bibi atafika kilele cha Maryland?

SWALI: Habari zenu. Mimi niko Silver Spring, Maryland. Mama yangu kaja kutoka Marangu, ana miaka 64, na watoto wangu wana miaka 7 na 10, wanataka sana tumpeleke bibi kwenye sehemu ya juu kuliko zote kwenye hili jimbo. Nimeambiwa panaitwa Hoye Crest na ni rahisi, lakini rahisi kwa nani? Sisi sio watu wa milima. Na mama kashaanza kucheka, anasema mtu aliyezaliwa chini ya Kibo anapelekwa wapi tena.

JIBU: Nenda naye dada, tena msisubiri, kwasababu mwezi wa kumi majani ya kule yanageuka mekundu na manjano, na mama hajawahi kuona msitu mzima umebadilika rangi hivyo. Kwa namba kweli atacheka, Hoye Crest ina mita 1,024 tu, hata Nairobi iko juu zaidi, kwa hiyo mambo ya kukosa hewa au kichwa kuuma kama wanaopanda Kili hayapo kabisa.

Ila nisikudanganye kuhusu hilo neno rahisi. Kutoka barabarani mpaka juu ni kama kilomita moja na nusu hadi mbili hivi, ndani ya msitu muda wote, na mnapanda zaidi ya mita 200. Sio mbali, lakini ni kupanda, hasa ile njia ya zamani ya kubebea magogo ina mawe mawe yanayoteleza chini ya majani, na hapo ndipo namuwazia mama, sio pumzi, magoti. Mpe mkongojo, avae raba zenye meno sio ndala wala viatu vya kanisani, na aende mbele yeye ili mwendo uwe wa kwake, maana watoto wakitangulia mtu mzima anajilazimisha bila kusema. Wakati wa kushuka ndio mumshike mkono. Mkitenga masaa mawili na nusu kwenda na kurudi hakuna wa kumkimbiza.

Kitu kinachowachanganya wengi, kilele ni cha Maryland lakini njia inaanzia West Virginia. Mnafuata barabara ya US 219, mnapita mji wa Oakland, huo wa Maryland, mnavuka mpaka, na baada ya Silver Lake mnapaki pembeni ya barabara. Hakuna kiingilio, hakuna choo, hakuna maji, ni msitu wa taifa wa Monongahela. Miti imepakwa rangi nyekundu, mahali pengine imeandikwa HP, yaani High Point, sehemu ya juu kabisa, fuateni hiyo tu. Juu kuna kibao na kisanduku cha barua chenye daftari la wageni, na mara nyingi mnakuta na vyeti vya waliofika, hapo bibi aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe! Waonyeshe watoto pia kwamba mvua ikinyesha upande wa mashariki wa huo mgongo wa mlima maji yanaenda mto Potomac mpaka ghuba ya Chesapeake, na ikinyesha upande wa pili yanazunguka kwa mto Ohio na Mississippi mpaka Ghuba ya Mexico. Mimi hilo linanigusa kuliko hata mandhari, maana kusema kweli pale juu miti imeziba, mnaona bonde kwa upande mmoja tu.

SWALI: Kuna wanyama? Naogopa dubu.

JIBU: Dubu weusi wapo, ila wakisikia watu wanaongea kwa kawaida wanaondoka wenyewe. Mimi naogopa kupe kuliko dubu, wanaleta ugonjwa wa Lyme. Vaeni suruali ndefu, muiingize ndani ya soksi, na mkirudi wakague watoto nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani na nyuma ya magoti. Ukimkuta kupe mtoe siku hiyo hiyo kwa kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, usimpake mafuta wala kumchoma na kiberiti. Na wiki ya sikukuu ya Thanksgiving, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, kule West Virginia watu wanawinda paa kwa bunduki, kama lazima muende vaeni rangi ya chungwa inayowaka, la sivyo subirini.

SWALI: Ni mbali sana kutoka Silver Spring kwa masaa mawili tu ya kutembea. Kuna kingine cha kufanya?

JIBU: Ni kama masaa matatu kwa gari, kwa hiyo ondokeni alfajiri na mpitie Swallow Falls karibu na Oakland. Kuna maporomoko ya Muddy Creek yanayodondoka mita 16, na miti ya hemlock ambayo mingine ina zaidi ya miaka 300. Njia yake ni fupi, mama akiwa amechoka akae tu pale juu kwenye maporomoko, watoto wazunguke na wewe. Hapo ni hifadhi ya jimbo, kiingilio kipo, na ramani ipakueni kwenye simu mkiwa bado nyumbani maana mtandao kule unakatika katika.