Spika ya Kulia

Redio kaseti ya nyumbani kwetu Nyalenda, Kisumu, ilikuwa na spika mbili, ila iliyotoa sauti ni moja, ya kushoto. Ya kulia tuliambiwa ilimwagikiwa chai. Ndivyo alivyoeleza kaka yangu mkubwa, na kwa kuwa redio ilikuwa yake, hakuna aliyeuliza zaidi. Kanda zikaendelea kuzunguka. Kwenye redio hiyo ndipo nilipokutana na Back in Black ya bendi ya roki AC/DC, na kwa miaka zaidi ya 25 nimekuwa nikimwambia kila anayenisikiliza kwamba albamu ile ya 1980 ni tamu lakini imekonda, kama supu iliyoongezwa maji.

Juzi juzi nikajinunulia hedifoni za maana, nikaiweka tena. Dakika ya kwanza haijaisha nikazivua nikazikagua, nikidhani zina hitilafu. Kulikuwa na gitaa jingine! Katika albamu hiyo gitaa la Angus Young liko kushoto na la kaka yake Malcolm liko kulia, na mimi utoto wangu wote nilimsikia mdogo mtu peke yake. Malcolm alinifikia kwa mbali, kama jirani anayeongea nyuma ya ukuta wa mabati. Kumbe ndiye aliyekuwa amebeba nyumba.

Basi ushauri wangu ni huu. Kama una albamu za roki ulizozipenda ukiwa na miaka 15, zirudie, lakini usizirudie kwa vyombo vilevile wala kwa masikio yaleyale. Na ukishazirudia, mwache kidogo yule mpiga gitaa anayesifiwa na kila mtu, umtafute aliyesimama nyuma yake.

Anza na vyombo. Ile spika moja ndogo ya bluetooth hukoroga kushoto na kulia ikatoa uji mmoja. Inafaa ukiwa unaosha vyombo, kwa kazi hii haifai. Kagua pia mipangilio ya simu yako, kwani simu nyingi zina mahali pa kuunganisha pande zote mbili ziwe sauti moja, na mtu anaweza kuwa amepabonyeza bila kujua. Pakua albamu nzima ukiwa na bando, maana Kisumu hii stima ikipotea hata intaneti ya nyumbani inakwenda nayo, na hakuna kinachoudhi kama albamu kukatika katikati ya wimbo wa nne. Zima ule mtindo wa kuchanganya nyimbo ovyo. Waliopanga nyimbo zile walikuwa na akili zao.

Halafu fanya jaribio hili, ambalo kwangu limefanya kazi kuliko makala yoyote niliyosoma. Vaa upande mmoja tu wa hedifoni. Sikiliza wimbo mzima kwa sikio la kulia, urudie kwa la kushoto, ndipo uvae zote mbili. Kwa Malcolm utasikia jambo la ajabu: anapiga kidogo sana. Gitaa lake Gretsch lilifungwa nyuzi nene, mkwaruzo wa amplifaya si mwingi, na akishacharaza anaacha mlio ufe wenyewe. Kile kimya kinachofuata nacho kimepimwa. Alifariki 2017, na hadi leo watu wakichora AC/DC wanamchora mdogo wake aliyevaa kaptura ya shule. Baada ya hapo nenda kwa Argus ya Wishbone Ash, ya 1972. Humo wapiga gitaa Andy Powell na Ted Turner wanagawana nyimbo kama ndugu wanaogawana shamba bila kesi.

Sisi wa kando ya ziwa hatuna udhuru katika hili. Tumelelewa na benga, na kwenye benga kila mtoto anajua kuna solo, kuna rithimu na kuna besi. Mwenye rithimu akitoka kidogo kwenda msalani, wachezaji wanajua kabla ya mwenye solo kujua. Sasa ni kwa nini masikio hayohayo yakifika kwa Wazungu yanasikia mtu mmoja tu?

Aliyenifumbua macho zaidi ni mjomba wangu, upande wa Kakamega. Yeye ni mzee wa omutibo, gitaa kavu la kidole, na hajawahi kununua kanda ya roki maishani. Nilimtembelea nikiwa na albamu ya kwanza ya Dire Straits, ya 1978, nikamvisha hedifoni barazani. Nilitaka tu kuona uso wake. Akafumba macho. Mkono wake wa kulia ukaanza kutembea juu ya goti, kidole gumba kikishuka na cha shahada kikipanda, gumba kikishuka na shahada ikipanda, kama vile goti lina nyuzi. Wimbo ulipokwisha akaniuliza, "Mpwa wangu, huyu mtu hatumii kijiti, sivyo?"

Nikashtuka. Ni kweli, Mark Knopfler kwenye nyimbo zile anapiga kwa vidole vitupu, bila kile kijiti cha kukwaruzia nyuzi. Mimi nilikuwa nimemsikiliza tangu utotoni bila kuligundua, naye mzee amelijua kwa wimbo mmoja. Akaniambia, "Kijiti kina mlio wa kucha. Huyu ana mlio wa nyama." Kisha akachukua gitaa lake, lenye ufa uliozibwa kwa gundi ya fundi viatu, akanionyesha. Gumba linashika besi nalo halisimami, hata nyumba ikiungua. Kidole cha shahada ndicho kinachoimba. Hivyo ndivyo alivyopiga George Mukabi, ambaye nyimbo zake kama Sengula Nakupenda zilitikisa redio za Kenya kabla hajauawa mwaka 1963, huku mwenzake akigongagonga chupa ya Fanta pembeni. Mjomba haachi kunikumbusha chupa ile. Anasema bila chupa ni nusu ya wimbo.

Tangu siku hiyo nawasaka wapiga vidole. Lindsey Buckingham kwenye Rumours ya Fleetwood Mac, 1977, ni mmoja wao. Watu wanazungumza juu ya ndoa zilizovunjika ndani ya bendi ile, wanasahau mkono wa kulia wa Lindsey.

Na nikitaja Fleetwood Mac, wengi hawajui kwamba kabla ya Rumours kulikuwa na bendi nyingine kabisa ndani ya jina hilohilo. Ilianzishwa 1967 na mpiga gitaa Peter Green, akaiacha 1970. Ule wimbo Black Magic Woman ambao sote tunaujua kwa Santana, Green ndiye aliyeutunga, na bendi yake ikautoa 1968. Anza na Then Play On, ya 1969. Pale ambapo mwingine angemimina noti 30, yeye anaweka tatu na kuondoka. Gitaa lake, Les Paul ya 1959, lilikuwa na sauti ya puani kidogo kwa sababu pikapu zake mbili, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, zikiwashwa pamoja zinavutana kinyume. Baadaye lilipita kwa Gary Moore, na leo liko mikononi mwa Kirk Hammett wa Metallica.

Lakini kama una nafasi ya mtu mmoja tu, mpe Terry Kath, mpiga gitaa wa Chicago. Kwenye redio zetu, Jumapili mchana, Chicago ni bendi ya kupatanisha wapenzi waliokosana. Mimi mwenyewe nilidhani ni bendi ya piano na machozi. Tafuta albamu yao ya kwanza, Chicago Transit Authority ya 1969, santuri mbili ndani ya jalada moja. Humo Kath anaunguruma, anakwaruza, na kuna mahali anaachiwa gitaa peke yake kwa karibu dakika 7, bila ngoma wala tarumbeta. Hicho kipande si kitamu, nikuambie ukweli. Mke wangu alidhani blenda imeharibika. Lakini nyimbo zilizobaki utaniambia. Kath alijipiga risasi kwa bahati mbaya Januari 1978, akiwa na miaka 31, na zile nyimbo za machozi za miaka ya 80 zilikuja yeye akiwa hayupo.

Wenye kanda za zamani nyumbani, neno moja. Joto na unyevu wa Kisumu huzaa ukungu mweupe kwenye utepe, unauona ukitazama kupitia kidirisha cha kanda. Usiitie kanda hiyo kwenye mashine yako nzuri. Mimi nina redio kaseti mbovu niliyoiokota soko la Kibuye siku ya Jumapili, kazi yake ni kuzungusha kanda chafu mbele na nyuma tu, kisha napangusa kichwa chake kwa pamba na spiriti. Kanda yenye skurubu 5 inafunguka, unaweza kuhamishia utepe kwenye ganda jingine. Iliyogundishwa, mpelekee fundi au uiache.

Na ujiandae, si kila ulichokipenda kitakupenda. Hysteria ya Def Leppard, 1987, nilikuwa naiota. Ina dakika 62, na kaka alikuwa ameirekodi kwenye kanda ya dakika 60, kwa hiyo wimbo mmoja kila upande ulikatwa shingo. Miaka yote nilitamani kujua zile nyimbo mbili zinaishaje. Sasa nimejua. Ningeweza kusubiri zaidi.

Wiki iliyopita nikampigia kaka, siku hizi anaishi Nakuru, nikamweleza habari ya Malcolm na spika ya kulia iliyonidanganya nusu ya maisha. Akacheka hadi akakohoa.

"Chai gani?" akasema. "Ile spika niliitoa nikaiuza. Gor Mahia ilikuwa inacheza mpira na sikuwa na pesa ya tiketi."