Diodi kwenye kibodi ya vitufe 42

Ndiyo mkuu, umeuliza kama kibodi ya kujiundia ya vitufe 42 inahitaji diodi, yaani vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu: ni lazima kila kitufe, usiruke hata kimoja. Vitufe 42 haviendi na waya 42 kwenye chipu, vinapangwa mistari 4 na safu 12 (nafasi 6 zinabaki wazi), kila mstari na kila safu ina pini yake kwenye chipu kwahiyo pini 16 tu zinatosha, sasa bila diodi ukibonyeza vitufe vitatu vilivyokaa kama kona tatu za mstatili umeme unarudi kwa kuzunguka na kompyuta inasoma mpaka ile kona ya nne ambayo hujaigusa kabisa. Mchana nakodi, usiku naunda hizi kibodi hapa Njiro, Arusha, nauza kwa madevelopa wenzangu, na ile ya kwanza sikuweka diodi, nikichapa haraka herufi zinatokea zenyewe, ikabidi nifumue solda yote nianze upya. Chukua diodi aina ya 1N4148, ni za bei ndogo, ila cheki kile kimstari cheusi pembeni, zote zielekee upande mmoja maana ikigeuka moja hicho kitufe kimekufa. Ukitengeneza kakibodi ka vitufe 9 tu, kila kimoja kipe pini yake, hapo diodi huhitaji.