Jibu: Mama moyo umetanuka, anasubiri rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza

Pole sana mkuu. Umeuliza mama afanyeje huko Kasulu, miguu inavimba na tarehe ya daktari bingwa wa moyo bado iko mbali. Tafuteni mzani. Apime uzito kila asubuhi, akishatoka chooni na kabla ya chai, muandike kwenye daftari. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji yanajaa mwilini. Mrudisheni hospitali ya hapo hapo, msisubiri tarehe. Akishindwa kupumua akilala chali, mpelekeni saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.

Chumvi ipunguzwe sana, na kwetu Kigoma huingilia kwenye samaki wa chumvi. Mnunulieni mgebuka mbichi. Na jamani, diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya dukani anayomeza kwa ajili ya magoti, aachane nayo, inazuia maji kutoka!

Vidonge vya kukojoza asiviache kienyeji siku ya safari kwa kuogopa kubanwa na mkojo ndani ya basi. Muulizeni daktari kama anaweza kumbadilishia saa ya kumeza. Daftari hilo aende nalo Mwanza, pamoja na picha ya kifua na dawa zote anazotumia.