Kiwanja ni chetu, mbona ofisi inatuzuia kuzika?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimeolewa Massachusetts. Babu wa babu yake mume wangu alinunua kiwanja cha maziko mwaka 1852, futi 15 kwa 20, na hati tunayo nyumbani, imetiwa kwenye fremu. Mama mkwe ana miaka 88 na anataka alazwe hapo kando ya mumewe. Nafasi ipo, mawe ni 7 tu. Lakini ofisi ya makaburi inadai saini za warithi wengine, na baadhi yao hatujawahi hata kuwaona. Tena uzio wa chuma umeoza, mawe mawili yameinama, nao wanasema si kazi yao, ilhali matunzo ya kudumu yalilipiwa zamani. Wanatuonea? (Mkwe wa Watu)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hawawaonei, ingawa wangeweza kuwaeleza kwa lugha nzuri zaidi. Nimekaa miaka 22 nyuma ya meza kama hiyo, kwenye makaburi ya rika hilohilo. Swali lako nimelisikia mara nyingi, na aghalabu anayeliuliza ameshafiwa na jeneza liko njiani. Wewe umewahi.

Ishusheni hiyo hati ukutani muisome yote, hata maandishi madogo ya chini. Mzee wenu hakununua ardhi kama mtu anavyonunua shamba. Alinunua haki ya kuzika mahali pale kwa kufuata kanuni za makaburi, na ardhi ikabaki ya shirika lenye makaburi. Mtindo huo ulishika kasi kutoka Mount Auburn, kule Cambridge ya hukohuko Massachusetts, makaburi ya bustani yaliyofunguliwa mwaka 1831. Kiwanja cha futi 300 za mraba, sawa na chenu, kiliuzwa dola 60. Watu wa mjini walikuwa wamechoka kuzikana kwenye viwanja vya makanisa vilivyojaa hadi mifupa ikawa inahamishwa kupisha maiti wapya, kwa hiyo walipoambiwa "milele" walitoa pesa bila kuuliza mengi. Hakuna aliyewaambia milele hiyo itakuwa na warithi wangapi.

Maana mwenye kiwanja akifa bila wosia unaokitaja, haki yake huwaangukia warithi wote, si yule aliyebaki na hati. Watoto watano wa mwaka 1852 leo wanaweza kuwa ukoo mzima uliotawanyika. Kiwanja kimoja tulikihesabia warithi 43, wawili kati yao hawasalimiani, na karani ndiye aliyekuwa akipeleka salamu. Sheria ya Massachusetts hairuhusu kiwanja cha aina hiyo kukatwa vipande. Warithi wakiwa wengi, wanamteua mmoja wao kwa maandishi awawakilishe ofisini. Barua hiyo ndiyo mnayoihitaji, na mkiwa nayo kila msiba unaofuata utakuwa mwepesi. Halafu muulizeni karani kuhusu haki ya mjane. Kama marehemu mkweo alikuwa mmoja wa wenye kiwanja, sheria ya jimbo inaitambua haki ya mkewe kuzikwa humo, na pengine ombi la mama lisihitaji msafara wote wa saini.

Sasa hilo la "mawe ni 7 tu". Mwanangu, mawe hayahesabu watu. Omba kuona kadi ya kiwanja na daftari la maziko. Kadi zetu zilikuwa za karatasi ngumu ya rangi ya mchanga. Nyuma yake kulikuwa na mchoro wa penseli: vijumba vyenye namba, na vile vya watoto vimebanwa pembeni au kuwekwa miguuni pa mama zao. Siku moja familia ilinionyesha pahali patupu, nyasi safi kabisa. Mchimbaji wetu akaja na fimbo yake ya chuma yenye mpini wa kukingama, akaidunga futi kwa futi. Palikuwa pagumu, pagumu, halafu ghafla ikazama kama kisu kwenye unga. Udongo uliokwisha kufukuliwa haurudii kukaza kama wa jirani yake. Tukafungua daftari: mtoto mchanga, wiki tatu, 1861. Hakuwekewa jiwe. Yule mama aliyekuja kuomba nafasi alikaa chini palepale kwenye nyasi.

Kwa hiyo ofisini nendeni na chati ya ukoo, vyeti vya vifo na wosia wowote mlio nao, na mjiandae kutia saini hati ya kiapo.

Kuhusu matunzo ya kudumu: tafuteni barua au risiti ya mkataba huo, kwani viwanja vingi vya miaka ya 1850 viliuzwa bila hayo na fedha ikawekwa baadaye. Mtu akiweka dola 100 kwa riba ya asilimia 4, kila mwaka zinapatikana dola 4. Zamani zilimlipa mkata nyasi; leo hazinunui hata mafuta ya mashine yake. Na mikataba mingi hutaja nyasi na usawa wa ardhi tu. Mawe na uzio ni mali ya familia. Uzio wenyewe ulikuwa fasheni: huko kwenye makaburi ya Spring Grove, mjini Cincinnati, Ohio, msimamizi Adolph Strauch alianza kuuondoa tangu miaka ya 1850 ili nyasi zitandae bila vizuizi, na wengi wakamwiga. Ukitaka kuutengeneza au kuuondoa, omba kibali cha maandishi kwanza.

Huenda mawe yameinama kwa sababu majeneza ya mbao yaliyo chini yameoza na udongo umetitia. Msiyanyanyue wenyewe, jiwe la namna hiyo huvunja mguu. Fundi akija, mkatazeni saruji. Ni ngumu kuliko marumaru ya zamani na itaipasua. Atumie chokaa. Mkitaka kuosha, lowesheni kwa maji mengi, brashi laini, mwanzie chini kupanda juu, na msitumie dawa ya kung'arishia nguo. Kwanza pitisha kidole: kikitoka na chenga kama za sukari, acha, usiliguse tena.

SWALI: Tunaweza kumuuzia mtu baki nafasi mbili zilizosalia? (Msomaji)

JIBU: Soma kanuni. Makaburi mengi ya karne hiyo hayakubali mpaka ofisi iridhie, na mengine yanataka uyauzie yenyewe. Ila kabla ya kutaja bei, mwite yule mwenye fimbo ya chuma.